Sharubu wa Kizingiti cha Averby

Kila Jumamosi Connie Oldershaw aliamka kabla saa yake haijalia. Alivaa buti za mpira, akafungua friji taratibu, akatoa kopo la mabuu ya chambo lililokuwa kati ya siagi na maziwa. Mama yake ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alisimama jikoni na koti lake mwilini, macho yamemwiva kwa usingizi.

"Iko siku nitayapika hayo nikidhani ni wali," alisema.

"Ukiyapika utayala mwenyewe," Connie akajibu, huku akifunga mkate wake wa jibini kwenye karatasi.

"Leo utakuwa na wenzako?"

"Ndiyo, Mama. Tunakutana wote pale malangoni."

Jibu hilo lilikuwa na ukweli nusu. Chipukizi wa chama cha wavuvi walikutana kweli kila Jumamosi penye malango ya mto Trent, yale yanayopandisha na kushusha mashua, na Connie alikuwa mwanachama kama wao. Lakini kukutana na watu si kuwa nao. Wenzake walikaa bega kwa bega chini ya malango, wakigawana chambo na biskuti. Yeye alivuka daraja la miguu hadi ng'ambo, chini ya kizingiti, ule ukuta mfupi uliokatiza mto, mahali maji yanapoporomoka kwa kishindo kikubwa hata mtu hasikii anayesengenywa ni nani. Ndiyo sababu alipachagua.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa mpweke. Upweke wake ulikuwa wa aina ile mbaya, ya kuwaona watu wakicheka upande wa pili wa maji na kujua kwamba ukienda kukaa nao, kicheko kitakatika.

Kisa chenyewe alikianzisha mwenyewe. Yeye na mama yake walihamia Averby mwezi wa Juni wakitokea mji wa Grimsby, na Jumamosi yake ya kwanza watoto walikuwa wanasimuliana samaki wakubwa waliowahi kuwavua. Kieran Wragg, mvulana mrefu mwenye madoadoa usoni, alikuwa na samaki wa ratili tisa. Simran Gill alikuwa na samaki bapa aliyemkatia mshipi akaenda na boya lake. Zamu ilipomfikia Connie, ambaye hakuwahi kuvua kitu kilichozidi kiganja chake, alijisikia akisema kwamba amevua samaki wa meno, ratili ishirini. Akatoa na simu, akawaonyesha picha.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Connie haikuzidi wiki moja. Jumamosi iliyofuata Kieran alikuja na simu yake, akawaonyesha wote picha ileile kwenye tangazo la duka la vifaa vya kuvulia. Hata plasta kwenye kidole gumba cha mzee aliyemshika samaki ilikuwa ileile.

"Kumbe una kidole gumba cha mzee," Kieran alimwambia, na wote wakaangua kicheko.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Ratili Ishirini. Alipoingia walisema, "Ratili Ishirini kafika." Alipoondoka walisema, "Kwaheri, Ratili Ishirini, msalimie huyo mzee." Na alipovua samaki mzuri wa mapezi mekundu, hakuna aliyegeuza shingo.

Lazima niseme jambo moja, la sivyo msomaji atashangaa kwa nini jambo hili lilimkata maini hivyo. Huku kwetu samaki wa mtoni haliwi. Tunamvua, tunamtazama, tunamrudisha majini akiwa hai, halafu tunakwenda nyumbani kula samaki wa dukani. Watu hutucheka kwa hilo, na wana haki ya kucheka. Lakini maana yake ni kwamba mvuvi wetu harudi na kitu mkononi. Anachorudi nacho ni neno lake tu. Ukishajulikana kuwa neno lako bovu, hata ukivua samaki wote wa Trent ni kazi bure.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti Connie alifika mapema kuliko siku zote. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, mto umepungua, na asubuhi ilikuwa na joto tangu jua halijachomoza vizuri. Malango yalikuwa yamefungwa, mashua ndefu mbili zimefungwa kando na wenyewe bado wamelala. Alivuka daraja la miguu, akashuka kwenye jukwaa lake la mbao chini ya kizingiti, akatundika mabuu mawili kwenye ndoana na kuitupa pale maji meupe yanapokutana na maji meusi.

Alikuwa amekwisha vua samaki wadogo kadhaa na kuwaachia, fimbo yake ya kuvulia ilipoinama ghafla kana kwamba mtu ameivuta kwa mkono. Connie aliishika kwa mikono miwili. Samaki hakuruka wala hakuzunguka. Alishuka chini, akaelekea kwenye kishindo cha maji, akakaa huko, mzito, akitikisa kichwa. Connie alipunguza mshipi, akavuta, akapunguza tena. Aliomba kwa sauti mshipi usikatike, ingawa hakuwa mtu wa kuomba.

Hatimaye samaki alipanda juu, mrefu, rangi ya shaba, mwenye sharubu nne mdomoni. Connie alimwingiza kwenye wavu wa mpini na kupiga magoti. Kwetu samaki huyu huitwa sharubu, na wapo wavuvi wazima wa Averby wanaozeeka bila kumpata mwenye ukubwa ule. Connie alimtoa ndoana, akabaki anamtazama.

Wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Kieran.

Angeweza kupiga picha. Lakini picha ndiyo iliyomtia matatani, na alijua fika Kieran angesema nini: "Duka gani safari hii?" La, picha haikufaa. Walihitaji kumwona samaki mwenyewe, kwa macho yao, akiwa anapumua.

Kando ya jukwaa ulining'inia wavu wake wa kuhifadhia, mrefu kama mguu wa suruali, zawadi aliyopewa na mama siku ya kuzaliwa. Ndani yake samaki hukaa majini mpaka wakati wa kupimwa. Connie aliutazama wavu, akakumbuka maneno ya Mo.

Mo ni Maureen Huskinson, msimamizi wa malango ya Averby, ndiye aliyewafundisha chipukizi kila Jumamosi. Hakuna aliyemwita Bibi Huskinson. Hata watoto wadogo walimwita Mo. Alikuwa amewaambia zaidi ya mara moja: "Samaki mwingine mnaweza kumweka wavuni. Sharubu, marufuku. Sharubu hupigana mpaka nguvu zimwishie kabisa. Ukimtia wavuni hapohapo, ni sawa na kumchukua mtu aliyetoka kukimbia ukamfungia kabatini. Halafu ana mwiba mgongoni, unanasa. Mkimpata, mshikeni majini, kichwa kielekee maji yanakotoka, mpaka aondoke mwenyewe."

Connie aliyakumbuka maneno yote hayo, moja baada ya jingine. Alifikiri kwenda kumwita Mo nyumbani kwake pale malangoni, lakini Mo angemwamuru amrudishe samaki papo hapo, na chipukizi wasingeona kitu. "Muda mfupi tu," alijiambia. "Watafika malangoni sasa hivi, nitawapungia mkono wavuke." Akamtia sharubu wavuni.

Kisha akakaa akilitazama daraja. Alikula mkate wake bila kusikia ladha yake. Kichwani alikuwa anaandaa mambo yote: atakavyosimama bila kusema neno, atakavyouinua wavu polepole, uso wa Kieran utakavyokuwa. Alimpangia Simran maneno ya kusema, akayabadilisha, akayafanya matamu zaidi. Pengine wangemwita aje akae nao chini ya malango. Pengine mtu angemwita Connie.

Jua lilipanda. Daraja lilibaki tupu.

Alipochungulia wavuni mara ya kwanza, samaki alikuwa wima, mdomo ukifunguka na kufungika. Mara ya pili aliona mdomo unafunguka haraka zaidi. Pale kando ya jukwaa maji yalikuwa yametulia na yana uvuguvugu, lakini Connie hakutaka kuliona hilo. Alijiambia samaki anapumzika.

Mara ya tatu sharubu alikuwa amelala ubavu. Tumbo lake jeupe lilikuwa juu.

Aliuvuta wavu akaingiza mkono, samaki hakushtuka. Alijaribu kumtoa, hakutoka: mwiba wa mgongoni ulikuwa umezama kwenye matundu ya wavu, na kila alipovuta uliingia zaidi. Alitazama ng'ambo. Kelele za kizingiti zingemeza sauti yoyote ambayo angeipaza.

Alitoa mkasi kwenye mkoba. Hakufikiri mara mbili kuhusu zawadi ya mama. Alikata wavu kuanzia ukingoni, akakata tundu moja moja kuuzunguka mwiba, mpaka samaki akalegea mikononi mwake. Kisha akalala kifudifudi juu ya mbao, akaingiza mikono majini hadi mabegani, upande wa nje wa jukwaa ambako maji yalikuwa yanakwenda. Akamshika samaki wima, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine kwenye mkia, kichwa kikielekea kizingiti.

Alipomlegeza kidogo, samaki alilala ubavu tena.

"Nisamehe," Connie alimwambia. "Tafadhali. Nisamehe."

Maji yalikuwa yanaingia mdomoni mwa samaki na kutokea kwenye mashavu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinatembea. Ubao ulimbana mbavu, vidole vikafa ganzi. Alianza kulia, si kwa sababu ya Kieran wala jina baya, ila kwa sababu alikuwa ameshika kitu kilichokuwa kinakufa na yeye ndiye aliyekiua. Hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kisha akahisi mkia umesukuma kiganja chake. Ulikuwa msukumo mdogo sana. Akangoja. Ukaja mwingine. Mashavu ya samaki yakaanza kufunguka yenyewe.

Wakati huohuo aliinua macho akawaona. Walikuwa darajani, Kieran mbele, Simran nyuma yake na fimbo begani, na Mo mwishoni akiwa na kofia yake ya kazi. Siku hiyo Mo aliwaleta kizingitini, kwa kuwa chini ya malango maji yalikuwa yamepungua mno. Kieran alikwisha mwona. Alikuwa anapunga mkono kwa dhihaka.

Sharubu alisukuma tena, kwa nguvu safari hii. Alikuwa anataka kwenda.

Connie angeweza kumbana. Ilibaki washuke ngazi tu, wapite vichakani, wafike. Vidole vyake vilikuwa tayari vimezunguka mkia. Kwa kitambo kifupi alivikaza, na samaki akatetemeka mikononi mwake. Connie akafungua mikono.

Sharubu alikaa palepale kidogo, kana kwamba hakusadiki. Halafu akashuka chini, na maji yakabaki maji.

"Ee, Ratili Ishirini!" Kieran alifika akihema. "Unaogelea au umeangusha simu na zile picha zako?"

Wengine walicheka. Connie aliketi, mikono ikimchuruzika, uso umelowa kwa maji na machozi. Mo alimtazama, akautazama na wavu uliokatwakatwa.

"Kuna nini, bata wangu?" aliuliza. Huku kwetu mtu akikuita bata anakupenda, wala si tusi.

Connie angeweza kusema ameanguka, au wavu umenasa kwenye mzizi. Kila mmoja angeamini, na siku ingepita.

"Nilivua sharubu," alisema.

"Haya basi," Kieran akasema. "Alikuwa na ratili ngapi? Thelathini?"

"Sijui. Sikumpima."

"Picha je?"

"Sikupiga."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Nimemwachia. Sasa hivi, mlipokuwa darajani."

Kieran aligeuka kuwatazama wenzake na kufungua mikono, kama mtu anayewaonyesha kwamba hana la kuongeza. Simran aliinamisha kichwa. Connie aliona wazi kwamba akinyamaza hapo mambo yataisha vilevile yalivyoanza, na pengine ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa bado anausikia mkia ule kwenye viganja vyake.

"Nilimtia wavuni, Mo," alisema. "Ulitukataza, na nilikumbuka, nikamtia. Nilitaka mje mmwone. Nilikaa hapa nakula mkate wakati yeye anakosa pumzi. Mwiba ukanasa. Nilipomtazama alikuwa amepinduka tumbo juu, nikakata wavu. Nilidhani nimemuua. Sina hakika kama atapona."

Hakuna aliyecheka. Mo alichutama, akauokota wavu na kupitisha vidole kwenye tundu lililokatwa.

"Ulimshika vipi?" aliuliza.

"Kichwa huku, kwenye maji yanakotoka. Alikuwa analala ubavu kila nikimlegeza."

"Alitoka mwenyewe au ulimsukuma?"

"Alitoka mwenyewe. Alikaa kwanza, ndipo akaenda."

"Basi ana nafasi nzuri." Mo alisimama, uso umekunjamana. "Unaijua sheria ya chama. Jumamosi tatu hutagusa fimbo. Utakuja, na utawashikia wenzako wavu, na kila sharubu atakayepatikana utamrudisha wewe. Nimeudhika, Connie. Kitu hai si cha kuwaonyeshea watu kwamba na wewe umo kundini."

"Ndiyo, Mo."

"Kwani wewe unamwamini?" Kieran aliuliza. Hakuuliza kwa ukorofi. Alitaka kujua kweli. "Wavu hata mimi naweza kuukata."

"Namwamini," Mo akasema. "Na nitakwambia kwa nini, nyote msikie. Ule mwezi wa Juni alituletea samaki wa ratili ishirini, na picha, na sifa tele. Mwongo hakosi namba, Kieran, na kila mara hadithi humwacha yeye akiwa shujaa. Leo hana namba, hana picha, na amejisemea mabaya ambayo hakuna mtu angeyajua. Ameyasema akijua nitamwadhibu. Nani anadanganya ili aadhibiwe?"

Alimgeukia Connie.

"Lakini na wewe usidhani kwamba yameisha leo. Neno la mtu likivunjika haliungwi kwa samaki mmoja, hata awe mkubwa kama mashua. Utasema kweli Jumamosi ijayo kuhusu samaki wa ukubwa wa kidole, na Jumamosi nyingine kuhusu siku uliyokosa kabisa, mpaka watu wazoee. Ni kazi ndefu, bata wangu, na haina picha. Umeianza vizuri."

Walianza kufungua mikoba yao. Simran alitafuta mahali, akaweka kiti chake kwenye jukwaa la Connie, karibu sana hata miguu yao ikagusana.

"Wewe ndiye mshika wavu, si ndiyo?" alisema bila kumtazama. "Anza na mimi. Nina bahati mbaya, kwa hiyo utakaa sana."

Connie alijifuta uso kwa mkono wa fulana. Akauchukua wavu wa mpini.

Kieran alikuwa wa mwisho kujiweka tayari. Alitundika mabuu, akayatoa, akatundika mengine. Alilitazama lile eneo pana la maji chini ya kizingiti, kisha akasogea kwenye jukwaa lao akiwa ameinamisha macho, akauliza kwa sauti ya chini, kama wavuvi wanavyomwuliza mtu wanayemsadiki:

"Connie. Ndoana uliitupa wapi hasa?"